Kitanda Kilichotangulia Barua

Ofisi ya Ustawi wa Jamii
Tarehe 4 Februari

Wifi yangu,

Najua nimekaa miezi mitano bila kukuandikia. Kasirika kwanza, ukimaliza endelea kusoma.

Ningeweza kupiga simu, lakini hili si jambo la simu. Tangu mwaka jana nimekabidhiwa mpango mpya hapa ofisini. Wakubwa wamechoka kuona watoto yatima wakilelewa mia moja katika jengo moja kama vifaranga. Tunataka kila mtoto aishi kwenye nyumba ya watu, ale na watu, agombezwe na watu. Kwenye karatasi tunaita malezi ya kambo. Mlezi hamiliki mtoto. Anamlea, sisi tunamtembelea, na mambo yakienda vizuri mtoto anabaki hapo mpaka akue.

Nahitaji familia kumi za kuanzia. Nimezunguka miezi sita nimepata tano. Watu wananipokea vizuri, wananipa chai, halafu wananiuliza kama mtoto anaweza kubeba ndoo. Hao nimewaaga palepale.

Nikakufikiria wewe na mdogo wangu. Nyumba mnayo, moyo mnao. Kuna msichana wa miaka minane, mtulivu, msafi, hana shida yoyote. Nijibu mapema. Mwezi wa tano kamati inakuja kukagua familia moja moja, na ndiyo itakayoamua kama mpango uendelee au uvunjwe.

Msalimie seremala wako.

Wifi yako

*

Nyumbani
Tarehe 19 Februari

Wifi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa pua, maana ilikuwa na harufu. Tangu lini wifi akamwandikia mke wa ndugu yake kwa upole namna hii?

Miaka kumi na miwili nipo kwenye ukoo wenu. Mwaka wa pili mlikuwa mkinisalimia mnatazama tumbo. Mwaka wa sita mkaacha kutazama, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Leo mnaniletea mtoto kwa barua yenye muhuri. Na neno lenyewe, kambo! Hamkupata jingine? Hakuna mtoto asiyejua mama wa kambo kwenye hadithi hufanya nini.

Lakini kilichonishangaza si barua, ni ndugu yako. Huyu nikimwambia tununue kuku atauliza kuku wa rangi gani. Nilipomsomea barua yako hakuuliza hata swali moja. Alisema, "Sawa, aje," akaendelea kufunga kamba za viatu.

Aje, basi. Nina mashuka ya nyumba ya wageni na makoti ya madaktari kutwa nzima, na nyumba hii haina sauti ila ya pasi. Sikatai. Ila mimi ni dobi, nguo naigeuza ndani nje kabla sijaitia majini. Wazazi wake walikuwa nani? Walikufa lini? Na kabla ya kuja kwangu amekaa wapi na wapi? Usiniambie "mtulivu, msafi." Hata maiti ni mtulivu.

Mke wa ndugu yako

*

Ofisi ya Ustawi wa Jamii
Tarehe 2 Machi

Wifi,

Umenichekesha na umenichoma, kama kawaida yako.

Mtoto atafika tarehe 10. Baba na mama wote wamefariki, hilo limethibitishwa. Alikuwa kituoni. Faili lake limepungua karatasi mbili tatu. Makarani wetu unawajua. Lisikusumbue.

Msimuulize mambo ya nyuma, wataalamu wanakataza. Pale kituoni watoto wanamwita Kipanya. Ninyi msimwite hivyo. Na jambo moja zaidi: matroni wa kituo hautaki mpango wetu. Watoto wakiisha, yeye atabaki matroni wa vitanda. Akikuandikia, usimjibu.

Wifi yako

*

Nyumbani
Tarehe 20 Machi

Wifi,

Mtoto amefika na mfuko mmoja wa nailoni. Alisimama kizingitini akauliza, "Nikae wapi?" Nikamwambia popote. Akabaki amesimama. Ikabidi nimwonyeshe kiti kwa kidole ndipo akakaa, tena ukingoni, kama abiria asiye na tiketi.

Kila kitu anasema asante. Nikimpa chai, asante. Nikimfokea kwa kukanyaga mashuka, asante. Nimeishi na watu wengi, sijaona mtoto anayeshukuru kufokewa.

Sasa sikiliza haya mengine.

Siku ya tatu meneja wa nyumba ya wageni alikuja mwenyewe, ameshika foronya kwa vidole viwili kama ameshika nyoka. Ndani ya foronya niliyofua na kupiga pasi kulikuwa na kipande cha mkate kikavu na msafara wa sisimizi. Mgeni wake alilala kichwa juu ya sisimizi! Nimeomba radhi mpaka ulimi ukauma. Akaniambia safari hii amenisamehe, nyingine atatafuta dobi mwingine. Alipoondoka nikamwita mtoto.

"Wewe ndiye uliyeweka mkate humu?"

"Ndiyo."

"Kwani huku hushibi?"

"Nashiba. Huo ni wa njiani."

"Njia ipi?"

Akatazama mlango. Umesema nisimuulize ya nyuma, nikaacha. Lakini nimepekua kabati nikakuta vipande vinne vingine.

Hilo la mkate ni la mtoto. Sasa la wakubwa. Kitanda chake kilitoka karakana kwa mume wangu tarehe 7 Februari. Nakumbuka, kwa sababu kilinizibia njia ya kamba za kuanikia. Nilimuuliza cha nani, akasema kuna mteja ameahirisha. Barua yako imenifikia tarehe 11. Siku mtoto alipojinyoosha juu ya kitanda kile, kichwani palibaki nafasi ya kiganja na miguuni nafasi ya kiganja. Mteja gani huyo mwenye kimo cha mtoto ambaye hatujamwona?

Na jirani yangu, yule tunayemwita Mama Redio kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia, alimtazama mtoto akicheka, akasema mbele ya wateja wangu, "Mwanya huu mbona kama nimeuona mahali?" Mume wangu ana mwanya, wifi. Wewe unao. Baba yenu alikuwa nao.

Nakuuliza kama mwanamke kwa mwanamke, na utanijibu kama binadamu, si kama ofisi. Mtoto huyu ni wa nani?

Mke wa ndugu yako

*

Ofisi ya Ustawi wa Jamii
Tarehe 28 Machi

Wifi,

Barua yako imenivunja moyo. Mtoto ni yatima wa baba na mama, kama nilivyoeleza katika barua yangu ya tarehe 2. Mwanya hauna ukoo, nusu ya watu wa hapa ofisini wanao. Kuhusu kitanda, mdogo wangu ni fundi, pengine alikisia.

Nakutumia fomu ya miezi miwili ya kwanza. Kamati itafika kwenu tarehe 6 Mei. Panapoulizwa kama mlezi alipewa taarifa zote za mtoto, weka alama ya ndiyo, utie sahihi, uirudishe kabla ya mwisho wa Aprili.

Afisa Ustawi wa Jamii

*

Karakana
Tarehe 15 Aprili

Dada,

Mimi si mtu wa kalamu, unajua, lakini mambo yameharibika.

Wifi yako alikuwa akitoa vitu mfukoni mwa koti langu la kazi kabla ya kulifua. Akakuta kile kikaratasi chako cha Januari. "Usimwambie mkeo. Akijua atamkataa." Mwandiko wako anaujua. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua pa kuanzia. Alikikunjua, akakipiga pasi kikanyooka, akaniwekea kwenye sahani mahali pa mkate.

"Mama yake ni nani?" akaniuliza.

Nikasema simjui.

"Humjui jina au humjui kabisa?"

Dada, nilicheka. Nilicheka kwa woga, si kwa furaha, lakini mtu aliyeumia hawezi kupambanua kicheko. Sasa ni siku ya sita nalala karakana juu ya takataka za randa. Nakohoa vumbi la mbao. Mtoto ananiletea chai asubuhi, anaiweka mlangoni, anasema, "Shikamoo, samahani." Mimi nashangaa samahani ya nini.

Uliniapisha nisiseme, nami nikakubali kwa sababu wewe ndiye uliyenilea mama alipougua. Lakini nikisema nimekuvunjia ahadi, nisiposema nimevunja nyumba. Mke wangu anaamini nimezaa nje. Majirani wanaamini. Juzi hata mimi nilijitazama kwenye kioo cha mteja nikaanza kujishuku.

Nipe ruhusa nimwambie ukweli.

Mdogo wako

*

Tarehe 20 Aprili

Mdogo wangu,

Vumilia mpaka tarehe 6 ipite. Siku kumi na sita tu. Akijua sasa, atakataa kutia sahihi, na kamati ikikuta familia ya afisa mwenyewe imemkataa mtoto, itafunga mpango wote. Watoto sita watarudishwa kituoni kwa gari moja.

Ichome barua hii.

Dada yako

*

Nyumbani
Tarehe 23 Aprili

Kwa Matroni wa Kituo,

Hunijui. Mimi ndiye niliyepewa msichana mwenye mwanya, yule mnayemwita Kipanya. Nimeonywa nisiwasiliane nawe, na ndiyo maana nakuandikia.

Barua ya kumrudisha mtoto nimeshaiandika. Iko kabatini, bado sijaipeleka posta. Mtoto hajanikosea, ila kuna watu wazima watatu wanaojua jambo juu yake, nami nikiwa wa nne nimefichwa, na nyumba yangu imegeuka chumba cha kusubiria daktari. Siwezi kumlea mtoto ambaye kila nikimtazama usoni natafuta uso wa mwanamke mwingine.

Kwa hiyo nakuomba neno moja tu. Baba yake ni mume wangu? Kama ni yeye, sema. Nimefua mashuka ya hospitali miaka tisa, hakuna doa litakalonizimisha.

Dobi

*

Kituoni
Tarehe 1 Mei

Kwa Dobi,

Baba yake alikuwa dereva wa lori la mawe. Alifariki mtoto akiwa tumboni. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu, katika hospitali ya hapa, nami nilikuwapo. Walimzika watu ninaowajua. Mumeo hahusiki.

Mumeo nilimwona mara moja, Januari, alipoletwa na dada yake. Watoto walikuwa wamelala mchana. Alitoa futi ya chuma mfukoni akampima yule msichana taratibu asimwamshe, akaandika kwenye kiganja chake kwa penseli. Nilimuuliza anafanya nini. Akasema, "Nikifika nyumbani mke wangu ataniuliza maswali mengi, bora niwe na jibu moja la kweli." Nilidhani anatania. Sasa naona hata hilo moja hakulitoa.

Wanachokuficha ni hiki. Mtoto huyo amekwisha kutolewa kwa familia mbili kabla yako, na zote mbili zimemrudisha. Ya kwanza ilikaa naye siku arobaini. Walimtaka wa kazi, na mwili wake ulikuwa mdogo kwa kazi waliyotaka. Walimpandisha basi peke yake asubuhi, akafika hapa jioni, hajala kitu toka jana yake. Tangu siku hiyo haachi kuficha mkate. Ya pili ilikaa naye siku kumi na tisa, ikamrudisha kwa sababu ya huo mkate. Kila kurudishwa kuna karatasi. Karatasi hizo mbili nilizitia faili kwa mkono wangu. Kama hazimo, zimetolewa.

Nimesikia inasemwa kwamba naupinga mpango huu kwa kuogopa kukosa kazi. Nina miaka hamsini na minane na magoti mabaya. Kukosa kazi ningekushukuru. Napinga kwa sababu mtoto akirudi, anayefungua mlango ni mimi. Mara ya pili hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitanda chake akakaa, kama mtu aliyetoka dukani. Kitanda hicho sijampa mtoto mwingine. Sikuona sababu.

Kama utamrudisha, mlete wewe mwenyewe. Usimpandishe basi.

Matroni

*

Nyumbani
Tarehe 8 Mei

Wifi,

Ulikuwapo tarehe 6, uliona na ulisikia. Lakini hukuwapo tarehe 5, na bila tarehe 5 hutaelewa kwa nini niliyasema niliyoyasema.

Barua ya matroni ilinifikia tarehe 4. Kesho yake asubuhi nikaenda karakana. Ndugu yako alikuwa anagongomea mguu wa meza. Nikamsomea barua yote kwa sauti, na wanafunzi wake wawili wakasikiliza, nikaacha wasikilize. Nilipofika pale pa futi na kiganja akaweka nyundo chini.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Dada alisema utamkataa."

"Na wewe ulisemaje?"

"Sikusema."

"Miaka kumi na miwili unalala na mimi, unaulizwa kama nina roho au sina, unanyamaza?"

Wifi, hilo ndilo lililoniuma kuliko mtoto wa nje. Mtoto wa nje ningemwelewa, wanaume ni wanaume. Lakini mlikaa ninyi wawili mkanipima bila futi, mkaona sitoshi. Nikamwambia arudi nyumbani, vumbi limemtosha, ila asidhani tumemaliza.

Tukarudi pamoja. Mtoto tumemkuta amekaa kizingitini, amevaa gauni alilokuja nalo, ule mfuko wa nailoni uko magotini, umefungwa mafundo mawili.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kesho wanakuja na gari."

"Nani kakwambia?"

"Barua iko kabatini, chini ya pakiti ya wanga. Nilikuwa natafuta pa kuweka mkate." Anasoma kwa kidole, neno moja moja, lakini anasoma. Akaendelea, "Mfuko nimefunga mwenyewe ili usihangaike. Mashuka nimekunja. Kitanda sijakiharibu."

Nimeingia ndani nikakaa kwenye lile beseni kubwa nililoligeuza. Ndugu yako ndiye aliyemfungulia fundo. Fundo la kwanza lilifunguka, la pili akalikata kwa kisu.

Basi kesho yake ninyi mkaja wanne. Mwenyekiti akauliza kama tumepata shida yoyote. Ulinitazama, wifi, na jicho lako lilikuwa likiniomba. Nililiona. Nikasema, "Shida ipo, na imekaa kwenye kiti cha nne." Sikusema kwa hasira. Hasira ilikuwa imekwisha jana yake. Nilisema kwa sababu ningetia alama ya ndiyo, mtoto wa pili na wa tatu wangefuata njia hiyohiyo, faili limenyolewa, na mlezi mwingine angeona mkate kwenye foronya akadhani ni wizi au uchawi.

Barua yangu ya kumrudisha niliiweka mezani itiwe nayo kwenye faili. Uliona mwenyekiti alivyoshtuka. Nilitaka ijulikane kwamba nilikaribia kuwa wa tatu. Mimi niliyemshuku mume, nikamshuku wifi, nikamshuku maiti wa mwanamke nisiyemjua, nilimfanya mtoto wa miaka minane akunje mashuka.

Mtoto amebaki, kama ulivyosikia. Wewe sijui wamekufanya nini. Nimekaa siku mbili nasubiri nifurahi kwamba umeumbuka, furaha haijaja.

Mke wa ndugu yako

*

Tarehe 30 Mei

Wifi,

Naandika kutoka nyumbani, si ofisini. Mpango nimenyang'anywa. Nimebakiziwa dawati la kupokea barua, karibu na mlango, ambapo kila anayeingia ananiuliza choo kiko wapi.

Mpango haukufungwa. Nilikuwa na hakika utafungwa, na hakika hiyo ndiyo iliyoniharibu. Kamati imeamua familia sita ziendelee. Kuanzia sasa mlezi anasoma faili lote kabla ya kukubali, na anatia sahihi kila ukurasa. Na mtu atakayekagua nyumba za walezi kabla mtoto hajatoka ni matroni. Alikubali baada ya siku tatu. Nasikia nyumba ya kwanza aliyokagua alifungua hadi sufuria.

Ulitaka nikujibu kama binadamu. Familia mbili za kwanza nilizichagua mimi. Ile ya kwanza, nilipokwenda kuwaona, mwenye nyumba alishika mkono wa mtoto juu ya kiwiko, akaubinya, kama mtu anayenunua mbuzi. Niliona. Nilikuwa na familia tano na nilitaka ya sita, nikajiambia ni mapenzi. Mtoto aliporudishwa sikuweza kwenda kituoni mwezi mzima. Baadaye familia nne zilisoma lile faili zikakataa kabla hata hazijamwona. Nikaona bila karatasi zile angekuwa ameshapata kwao. Nikazitoa. Zilikuwa hapa kwangu, ndani ya Biashara na Hesabu, kitabu changu cha shule, mahali ambapo hakuna mtu angefungua.

Nilimwambia mdogo wangu utamkataa. Sikuwa na sababu. Sikuwahi kukujua, wifi, ingawa miaka kumi na miwili nimekula kwako. Nilikuwa naangalia tumbo, kama ulivyosema.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Karatasi mbili nimezirudisha kwenye faili. Kama utaniruhusu nije kumwona, nitakuja. Kama hutaniruhusu, nitaelewa.

Dada wa mume wako

*

Nyumbani
Tarehe 17 Agosti

Wifi,

Nimechelewa kukujibu makusudi. Ulinikalisha miezi mitatu gizani, na mimi nimekukalisha karibu miezi mitatu. Sasa tuko sawa, tunaweza kuanza kusalimiana.

Ndugu yako nimemsamehe robo tatu. Robo iliyobaki naitumia akichelewa kurudi. Mama Redio nilimwonyesha barua ya matroni, akaisoma, akasema, "Kumbe!" kisha akaenda kutangaza kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Muache.

Lakini nimekuandikia kwa habari ya jana.

Jana nilikuwa napiga pasi makoti ya madaktari. Mtoto ametoka shule, ametupa mkoba sakafuni. Nikamwambia auokote. Akaniambia, "Subiri."

Wifi, alisema subiri. Mimi!

Nikamwambia, "Nani asubiri?" Akasema amechoka, kila siku ni okota, kunja, nawa, na watoto wa jirani hawaokoti kitu. Nikamwambia kwenye nyumba hii watu wanaokota. Akapiga mguu chini akasema, "Sitaki!" kwa sauti ambayo nadhani hata ninyi mliisikia huko, akaingia chumbani, akabamiza mlango mpaka kitasa kikaanguka upande wangu.

Nilibaki nimesimama. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, jibu zuri, kali, la mama yangu. Halafu nikasikia harufu. Pasi ilikuwa imekaa juu ya koti la daktari wa meno muda wote huo, imechora alama ya jahazi la kahawia mgongoni. Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikashika meza. Ndugu yako akaja mbio kutoka uani, akatazama koti, akatazama kitasa, akaniuliza nimepatwa na nini.

Nikamwambia, "Ametujibu jeuri. Amebamiza mlango."

"Na wewe unacheka?"

"Miezi mitano anasema asante, samahani, nikae wapi. Leo kabamiza mlango wa nyumba yake."

Akakaa chini palepale kwenye marobota ya nguo. Unajua alivyo.

Chakula cha jioni hakutoka. Nikamwekea sahani, sikumbembeleza. Asubuhi alikunywa chai amenigeuzia mgongo, akaenda shule bila kuaga. Daktari nitamlipa koti lake kwa kumfulia bure mwezi mzima, na mlango ndugu yako anautengeneza sasa hivi, anapiga mluzi.

Njoo Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Usilete fomu. Ukimkuta bado amenuna usishangae. Bado hajaniomba radhi, na mimi sianzi.

Wifi yako